Gitaa kufunikwa na sinthesaiza, acheni kuniambia nipandishe volyumu

Juzi tena bendi imekaa nyuma yangu studio, albamu ya sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti) na gitaa la mbao, na maneno ni yaleyale: "kaka, gitaa halisikiki, lipandishe." Jamani. Nikilipandisha mnasema sinthesaiza imepotea, napandisha na hiyo, mwisho taa nyekundu zinawaka na gitaa bado mnalitafuta. Vyote viwili vimekaa kimo kimoja cha sauti, hapo volyumu inasaidia nini? Uzi mnene wa gitaa unaanzia kama Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), nyama yake nyingi iko kwenye mia moja na hadi mia kadhaa, sasa mpiga kinanda anashusha noti sita kwa mikono miwili palepale, filta (kile kichujio cha ukali wa sauti) wazi kabisa, noti haikatiki, wakati gitaa ukidonoa uzi unalia kidogo tu unaanza kufifia. Sikio linashika kilicho kikubwa, kile kidogo cha jirani kinamezwa. Nikamwomba mwenye kinanda atoe mkono wa kushoto, wa kulia aupandishe juu oktava moja, filta aifunge kidogo ule ukali wa juu upungue maana hapo ndipo mdonoo wa gitaa unaposikika. Gitaa lenyewe sikuligusa, na tukasikia hadi kucha zikigusa nyuzi. Hii ni kazi ya kupanga muziki, imalizeni mazoezini, mkishapiga wote noti palepale mimi kwenye miksi siwezi kuwatenganisha vizuri.

Na mengine mnayoniambia: "Sinthesaiza haitoki kwenye tyuni." Ya analogi inahama ikipata joto, iwasheni nusu saa kabla. Na hata ya dijitali iliyotulia kwenye Hz 440 kwa noti ya A, ikikutana na kodiani ya 442 sauti itayumba mara mbili kila sekunde, na kodiani huifanyi kitu pale studio kwa hiyo sinthesaiza ndiyo isogee, sehemu ya kuisogeza inayo.

"Bendi ya elektroniki ikishika ala za mbao imepotea njia." Kraftwerk haohao, bendi ya elektroniki ya Ujerumani, wametoa albamu ya Autobahn 1974 na filimbi na gitaa vimo.

"Mwangwi mwingi utaunganisha gitaa na sinthesaiza." Hapana, zitasogea mbali zote mbili basi. Mimi naitoa sinthesaiza kwa spika ndani ya chumba kilekile alichopigia mpiga gitaa, maiki kama mita mbili, narekodi upya halafu nachanganya kidogo tu na ile iliyoingia kwa waya, zinakaa chumba kimoja kweli.