Je, wajua kwa nini dawa ya kifafa huweza kumdhuru mtoto kabla mama hajajua ana mimba?

Uti wa mgongo wa binadamu huanza kama utando bapa wa chembe unaojikunja na kujifunga, kama chapati inavyoviringishwa kuwa roleksi kando ya barabara za Kampala. Kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, kazi imekwisha. Hapo hedhi ya mama imechelewa wiki mbili tu! Mshono usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Kati ya dawa za kifafa, inayovuruga mshono huo zaidi ni sodiamu valproeti. Huingilia matumizi ya foleti (vitamini B9) mwilini, na huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Mwaka 1982 madaktari wa Lyon, Ufaransa, walitoa tahadhari. Kwa mama anayeitumia, watoto 1 hadi 2 katika kila 100 huzaliwa na mgongo wazi. Kwa kawaida ni kama 1 katika 1,000. Dozi ikipanda, hatari nayo hupanda.

Sasa tazama kaskazini mwa Uganda. Vituo vya kutibu ugonjwa wa kutikisa kichwa, aina ya kifafa cha watoto, vilipofunguliwa Kitgum, Pader na Lamwo mwaka 2012, dawa iliyotegemewa ilikuwa hiyohiyo. Iliwapunguzia watoto wengi mishtuko, kwa hiyo siilaani. Lakini binti aliyekuwa na miaka 8 wakati ule leo ni mwanamke wa kuzaa, na sioni kama wengi wao wameelezwa jambo hili kwa utulivu.

Vidonge vya asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, anavyopewa mjamzito kliniki mwezi wa nne vina faida nyingine, ila kwa mgongo vimechelewa. Vinapaswa kuanza kabla ya mimba, na hata hivyo haviondoi madhara yote ya valproeti. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo kama ipo nyingine inayowafaa. Lamotrijini na levetirasetamu ni salama zaidi, ingawa kuzipata kijijini ni shughuli.

Anayeitumia tayari asiiache ghafla: kifafa kisichodhibitiwa kinaweza kumuua yeye na mtoto. Amwone daktari abadilishiwe polepole, kabla ya kushika mimba. Na mtoto akizaliwa na mgongo wazi, hospitali ya CURE mjini Mbale hufanya upasuaji huo. Apelekwe upesi, kabla kidonda hakijaingia vijidudu.