Nauli ya kliniki baada ya kuumia kazini si hisani ya mwajiri

Katika madai mengi ya walioumia kazini, kinachokosekana ni nauli. Mtu ameorodhesha dawa, eksirei, hata magongo, lakini safari za kliniki hazimo. Ukimuuliza anajibu, "Mdosi alinisaidia mara moja tu." Alikusaidia? Kifungu cha 47 cha WIBA, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa walioumia kazini, kinamtaka mwajiri alipie usafiri na masurufu ya mfanyakazi yanayotokana na ajali, sawa na anavyolipia matibabu. Kukukimbiza hospitali siku ya ajali ni wajibu mwingine. Ukishonwa kisha ukaambiwa urudi kila Jumatano, mwajiri hajamaliza.

Hata hivyo, sheria inazungumzia gharama zilizotumika kwa busara. Anayetoka Athi River kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta asitarajie kurudishiwa pesa za teksi ilhali matatu zipo, isipokuwa mguu uko kwenye plasta na daktari ameandika hivyo. Matatu hazitoi risiti, tunajua. Lipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe, na hakikisha kadi ya kliniki ina tarehe ileile. Daftari lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja halimshawishi mtu.

Sasa utaratibu. Mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa maandishi au kwa mdomo. Yeye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Siku hizo huanza pale anapopata habari, si meneja akirudi kutoka likizo. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mwajiri asiyekata bima ya wafanyakazi anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Na deni lake kwako liko palepale.

Na tafadhali, msianzie kortini. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 3 Desemba 2019 uliimaliza hoja hiyo: madai huanzia kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na akikataliwa, siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ushahidi wa nauli uje na madai ya kwanza, usingoje pingamizi.