Je, wajua kwa nini chama kikongwe cha wanasayansi wa kompyuta hakina neno "kompyuta" katika jina lake?

Association for Computing Machinery, au ACM kama wengi wanavyokiita, ni chama cha kitaaluma chenye makao yake New York na wanachama wapatao 100,000 duniani. Jina lake likifasiriwa kwa Kiswahili ni Chama cha Mashine za Kukokotoa, jina ambalo leo linasikika kana kwamba ni la mafundi wa karakana. Sababu yake ni kwamba chama hiki kilizaliwa mwaka 1947, wakati ambapo, katika Kiingereza, kompyuta alikuwa bado ni mtu: karani wa hesabu, mara nyingi mwanamke, aliyeajiriwa kukokotoa kwa kalamu na mashine ndogo ya mezani. Hata wanawake sita waliokuwa wa kwanza kuipangia kazi ENIAC, mashine ya kielektroniki iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, walikuwa wametoka katika ukarani huohuo.

ENIAC ilijengwa kwa ajili ya jeshi la Marekani ili kukokotoa majedwali ya kulengea mizinga, na mashine kubwa iliyokuwa Chuo Kikuu cha Harvard ilitumiwa na jeshi la wanamaji. Kwa hiyo ujuzi wa mashine hizi ulikuwa mikononi mwa watu wachache waliotawanyika katika maabara za kijeshi, vyuo na viwanda, na wengi wao hawakuwa na mahali pa kukutana wala jarida la kusomana. Mwezi Januari 1947 Harvard iliandaa kongamano juu ya mashine hizo, na hapo Samuel Caldwell, profesa wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, akatoa rai kwamba paundwe chama. Aliyeibeba rai hiyo hadi ikatimia ni Edmund Berkeley, mtaalamu wa hesabu za bima katika kampuni ya Prudential, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ametumikia jeshi la wanamaji hapohapo Harvard. Naona si ajabu kwamba mtu wa bima ndiye aliyeona mbali, kwa kuwa kampuni za bima zilikuwa na mamilioni ya hati za kukokotolea na zilijua gharama ya kufanya kazi hiyo kwa mkono.

Tarehe 15 Septemba 1947 mkutano wa kwanza ulifanyika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Chama kilianza kikijiita cha Mashariki, yaani mashariki ya Marekani, lakini neno hilo liliondolewa mwaka uliofuata. Lengo lililoandikwa lilikuwa kuendeleza sayansi, uundaji, ujenzi na matumizi ya mashine mpya za kukokotoa, kufikiri na kushughulikia habari kwa njia nyinginezo. Neno "kufikiri" lilikuwamo tangu siku hizo, wakati mashine kama ENIAC ilijaza chumba kizima na kutumia vali za kielektroniki, yaani mirija ya kioo ya kuongoza umeme, zipatazo 18,000.

Wahandisi wa umeme walikuwa na vyama vyao tayari, hivyo waliojiunga na ACM kwa wingi walikuwa watu wa hisabati na upangaji programu, na taratibu mazungumzo yakahama kutoka kwenye chuma na nyaya hadi kwenye mbinu za kukokotoa. Hapo ndipo faida ya chama inapoonekana wazi. Mwaka 1970 Edgar Codd alieleza katika jarida la chama, Communications of the ACM, namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na hifadhidata nyingi za benki na hospitali bado zimejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1978 jarida hilohilo lilichapisha njia ya usimbaji fiche, yaani kuficha ujumbe usisomwe na wasiohusika, iitwayo RSA, ambayo imelinda mawasiliano mengi ya intaneti. Tangu mwaka 1966 chama pia hutoa Tuzo ya Turing, tuzo yake ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta, na wa kwanza kuipokea alikuwa Alan Perlis.

Berkeley hakuridhika na elimu peke yake. Katika sherehe ya miaka 25 ya chama, mwaka 1972, alisimama mbele ya wenzake na kuwashutumu kwa kutochunguza iwapo matumizi ya kompyuta ni mema au maovu, hasa kazi za silaha, na baadhi ya waliohudhuria waliinuka wakatoka. Kwangu hilo ni tendo la ujasiri, kwa sababu mashine ambazo chama kiliundwa kwa ajili yake zilikuwa zimetoka jeshini. Kanuni za maadili za ACM zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2018 zinataka manufaa ya umma yatangulizwe daima katika kazi ya kila mtaalamu wa kompyuta.