Je, Wajua Kwa Nini Wahamiaji Waliongezeka Uingereza Baada ya Kujitoa Umoja wa Ulaya?

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni kuamua kama nchi yao ibaki ndani ya Umoja wa Ulaya au itoke. Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 51.9, yaani kura milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Hoja zilikuwa nyingi, lakini iliyochemsha damu kuliko zote ilihusu wageni: wamezidi, na sisi wenyewe hatuna uwezo wa kuwazuia. Nchi ikatoka kweli. Kisha, kati ya 2022 na 2023, wageni wakaingia kwa wingi usiowahi kuonekana tangu takwimu hizo zianze kuwekwa. Ilikuwaje?

Tuanzie 1 Mei 2004. Siku hiyo nchi 10 ziliingia Umoja wa Ulaya kwa mpigo, nyingi zikiwa za Ulaya Mashariki kama Poland, Lithuania na Latvia. Raia wa nchi mwanachama ana haki ya kwenda kuishi na kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama bila viza wala kibali cha ajira. Hata hivyo, wanachama wa zamani waliruhusiwa kuchelewesha haki hiyo kwa wageni hao wapya hadi miaka saba. Ujerumani na Austria zilisubiri mpaka 2011. Serikali ya Tony Blair haikusubiri hata siku moja. Ni Uingereza, Ireland na Sweden tu zilizofungua milango papo hapo. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa na utafiti mkononi uliokadiria kwamba ongezeko lingekuwa kati ya watu 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba Ujerumani nayo ingefungua. Haikufungua, na watu wakaja kwa malaki.

Wengi wao hawakuishia London. Kuna mji mdogo uitwao Boston, mkoa wa Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, kwenye ardhi tambarare inayolimwa kabichi, koliflawa na viazi. Kabichi ile hukatwa kwa kisu, mtu ameinama, tope limeganda kwenye buti, baridi ya alfajiri ikimng'ata vidole. Wenyeji wengi hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa. Vijana wa Kilithuania na Kipoland waliitaka. Ndani ya miaka kumi hivi mji ukawa na maduka ya soseji na mikate ya kwao, nyumba zikapangishwa chumba kwa chumba, shule zikapokea watoto wasiojua Kiingereza, na foleni ya kwa daktari ikarefuka. Siku ya kura, asilimia 75.6 ya wapiga kura wa Boston walisema tutoke. Hakuna wilaya iliyowazidi.

Sasa linganisha na Lambeth, wilaya ya London iliyojaa watu wa kila taifa. Huko asilimia 78.6 walitaka kubaki. Kwa hiyo anayedai kwamba penye wageni wengi ndipo hasira ilipokuwa kubwa, hajaitazama ramani ya matokeo. Kwa maoni yangu, kilichouma Boston ni kasi. London imekuwa ikipokea wageni kizazi baada ya kizazi, ina nyumba za kupanga za kila aina na hospitali zilizozoea. Boston iligeuzwa sura mwenyeji akiangalia, na serikali kuu haikuongeza darasa wala zahanati ya maana.

Wanasiasa nao walijifunga wenyewe. Tangu 2010 David Cameron, waziri mkuu hadi 2016, alikuwa ameahidi kushusha idadi ya wahamiaji hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Idadi inayozungumzwa hapa ni tofauti tu: walioingia kuishi, ukitoa waliohama. Tarehe 26 Mei 2016, kura ikiwa imebakiza chini ya mwezi mmoja, ofisi ya takwimu ikatangaza kwamba tofauti hiyo kwa mwaka 2015 ilikuwa 333,000. Wapinzani wa Umoja wa Ulaya wakaibeba namba hiyo kila jukwaa.

Ila ndani ya namba hiyo mlikuwa na jambo ambalo wachache walilisemea. Raia wa Umoja wa Ulaya walichangia 184,000. Wasio wa Umoja wa Ulaya, yaani Wahindi, Wachina, Wanigeria na wengineo, walichangia 188,000. Jumla ilishuka hadi 333,000 kwa sababu Waingereza wenyewe waliohama walizidi waliorudi. Hao 188,000 serikali ya Uingereza ilikuwa na mamlaka kamili juu yao siku zote. Waliingia kwa viza zilizogongwa na serikali ya Uingereza, kwa sheria za Uingereza, na Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, haikuwa na neno. Ufunguo wa mlango mmojawapo, tena uliokuwa ukipitisha watu wengi zaidi kidogo, ulikuwa mfukoni muda wote.

Kampeni yenyewe iliahidi mambo mawili yasiyoivana. Boston iliambiwa wageni watapungua. Wenye migahawa ya vyakula vya Kihindi, wengi wao wenye asili ya Bangladesh, waliambiwa kwamba nafasi za Wapoland zikifungwa itakuwa rahisi kuwaleta wapishi kutoka kwao. Aliyeongoza ujumbe huo wa pili alikuwa Priti Patel, baadaye waziri wa mambo ya ndani, ambaye wazazi wake, Wagujarati, walihamia Uingereza kutoka Uganda. Msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa akifuatilia nasaba za baadhi ya wanasiasa waliounga mkono kutoka: baba yake Rishi Sunak, baadaye waziri mkuu, alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, baba yake Suella Braverman, baadaye waziri wa mambo ya ndani, alitoka Kenya mwaka 1968. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasimiminike huko. Watoto wa jamii ile ndio waliokuja kuwa mawaziri wa kulinda mpaka.

Uingereza ilitoka rasmi 31 Januari 2020, na haki ya raia wa Ulaya kuingia na kufanya kazi watakavyo ikakoma mwisho wa mwaka huo. Ndipo ilipobainika kwamba nchi haikuwa ikijua ina wageni wangapi. Kwa miaka mingi makadirio yalitegemea maofisa waliosimama viwanja vya ndege na bandarini kuwauliza baadhi ya abiria wanakusudia kukaa muda gani. Iliaminika kwamba raia wa Ulaya walikuwa milioni 3 na ushei. Walipotakiwa kujiandikisha ili wabaki, waliopewa haki hiyo walipita milioni 5.

Mfumo mpya ulianza Januari 2021, na hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Mlango wa Ulaya ulipofungwa, ule wa dunia nzima ulipanuliwa. Viza ya kazi iliyokuwa ikihitaji kazi ya kiwango cha shahada sasa ilitosheka na ya kiwango cha aliyemaliza sekondari ya juu. Wanafunzi wa kigeni waliruhusiwa kubaki miaka miwili baada ya kuhitimu. Vyuo vilifurahi, maana ada ya mwanafunzi mwenyeji ilikuwa imefungwa kwenye pauni 9,250 huku mgeni akitozwa mara mbili au zaidi. Watu wa Hong Kong, koloni la zamani la Uingereza, wakafunguliwa njia yao, na 2022 wakaja Waukraine waliokimbia vita.

Kubwa kuliko yote lilikuwa suala la kulea wazee. Mwaka wa fedha wa 2021/22 sekta hiyo ilikuwa na nafasi wazi 165,000 katika England pekee. Kumwogesha mzee, kumgeuza kitandani usiku, kumlisha: kazi ngumu, mshahara mdogo, na bajeti inayotegemea halmashauri zisizo na fedha. Serikali ingeweza kuongeza mishahara. Februari 2022 ikachagua kutoa viza kwa walezi, kwa mshahara wa kuanzia pauni 20,480 kwa mwaka. Wanigeria, Wahindi na Wazimbabwe wakaitikia, wengi wakiwa na wenza na watoto. Madalali nao hawakulala: barua ya mwajiri ya kumdhamini mgeni, ambayo haikupaswa kuuzwa, iliuzwa kwa maelfu ya pauni, na kuna waliouza viwanja nyumbani wakafika wakakuta hakuna kazi.

Matokeo yake, katika mwaka ulioishia Juni 2023, tofauti ya walioingia na waliotoka ilizidi 900,000. Raia wa Umoja wa Ulaya kwa wakati huo walikuwa wanaondoka wengi kuliko walioingia. Hata hivyo namba hiyo ilivimbishwa kidogo na hesabu yenyewe. Mwanafunzi huhesabiwa akiingia, kisha hutolewa akiondoka. Korona ilizuia wengi kuingia 2020, hivyo 2022 hapakuwa na wengi wa kuondoka, ilhali walioingia walikuwa wamefurika.

Serikali ikabana. Januari 2024 wanafunzi wengi walikatazwa kuleta familia, Machi ikawa zamu ya walezi, na Julai 2025 uajiri wa walezi wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Kufikia katikati ya 2025 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban 200,000. Hasira haikushuka nayo, kwa kuwa macho yalikuwa yameshahamia kwenye boti za mpira zinazovuka kutoka Ufaransa. Mwaka 2022 zilileta watu zaidi ya 45,000, wachache mno ukilinganisha na wenye viza, lakini boti inaonekana kwenye televisheni na viza haionekani. Tena kujitoa kulikuwa kumeiondoa Uingereza kwenye utaratibu wa kumrudisha mwombaji hifadhi katika nchi ya Ulaya alikopitia kwanza.

Mpango wa kuwapeleka Rwanda waliofika kwa boti, uliotangazwa Aprili 2022, ulikwama ndege ikiwa tayari uwanjani usiku wa 14 Juni mwaka huo, baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuingilia kati. Mahakama hiyo si ya Umoja wa Ulaya. Ni ya Baraza la Ulaya, chombo kingine ambacho Uingereza ilikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1949. Keir Starmer, aliyeingia uwaziri mkuu Julai 2024, aliufuta mpango huo mwezi huohuo. Sasa chama cha Nigel Farage, mpinzani wa siku nyingi wa Umoja wa Ulaya, na kile cha Wahafidhina vyote vinataka nchi ijitoe kwenye mkataba unaosimamiwa na mahakama hiyo, ili mpaka ulindwe. Lakini Mahakama ya Juu ya Uingereza, ilipoutangaza mpango wa Rwanda kuwa kinyume cha sheria Novemba 2023, haikuegemea mkataba huo peke yake. Majaji walisema katazo la kumrudisha mkimbizi kwenye hatari limo pia katika mikataba ya Umoja wa Mataifa, na katika sheria zilizotungwa na Bunge la Uingereza lenyewe.