Chai asubuhi, karamu usiku: jinsi ya kula kwenye mgahawa mkubwa wa Kikanton

Wadau mnaofuata mzigo Guangzhou, China, kila ikifika Aprili na Oktoba, msimu wa maonesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), swali mnaloniletea ni lilelile: bosi wa kiwanda amenialika kula, kanipeleka kwenye jengo la ghorofa tatu, meza za duara mpaka macho yanachoka, menyu nene kama Kurani, sasa naagiza nini, naanza na kipi na kipi nisiguse? Mimi kazi yangu ni jikoni, upande wa dim sum, vile vitafunwa vidogo vya Kikanton vya kula na chai, nimefundishwa Dubai na mafundi wa Kikanton na mpaka leo ndo riziki yangu, kwa hiyo nitawaelezea nikiwa nimesimama upande wa jiko, maana ukishalielewa jiko la hawa watu menyu haikutishi tena.

Cha kwanza, ile ni migahawa miwili ndani ya jengo moja. Asubuhi mpaka mchana ni nyumba ya chai, wazee na magazeti yao, wajukuu wanakimbizana, kila meza imejaa vikapu vya mianzi. Jioni ukumbi uleule unakuwa wa karamu, vitambaa vya meza vinabadilishwa, ukuta wa mbele una joka na ndege wa dhahabu kwenye msingi mwekundu, pale ndo maharusi wanapokaa. Hata jiko linabadilika. Mafundi wa asubuhi wanaingia kazini usiku wa manane na mchana wanaanza kuondoka, wale wa wok, karai la Kichina, na wa kuchoma nyama ndo wanashika usukani jioni. Kwa hiyo ukienda saa mbili usiku ukaagiza dim sum, ukakuta ngozi (ule unga unaofunika kitafunwa) ni ngumu, usimlaumu mtu, umemkuta fundi kashalala zamani.

Hii kitu Guangzhou ni ya zamani sana. Tao Tao Ju ilianza 1880, Lin Heung 1889, Guangzhou Restaurant 1935, na zote majina yake yapo mpaka leo. Hong Kong kuna Luk Yu ya 1933. Na ukubwa wenyewe ndo biashara, maana chai ya asubuhi ni bei poa, inajaza ukumbi na kuwapa wafanyakazi kazi, ila kwa nilivyoona mimi hela yenyewe inatoka kwenye karamu za usiku. Ukumbi ukikosa harusi na sherehe za makampuni haudumu. Ile Jumbo ya Hong Kong, mgahawa unaoelea majini uliofunguliwa 1976, ilifungwa 2020, na 2022 wakati inavutwa kupelekwa kwingine ikapinduka baharini huko. Mgahawa mzima, bana.

Haya, umekaa asubuhi. Kabla hujaagiza chakula unaulizwa chai gani, na chai inalipiwa kwa kichwa, hata mtoto mara nyingi wanamhesabu. Chukua pu-erh, ile nyeusi yenye harufu ya udongo, inakata mafuta vizuri, au kama unaiogopa omba ichanganywe na maua ya krisanthemu. Utawaona wenyeji wanamwaga chai ya kwanza kwenye bakuli kubwa, wanasuuzia vikombe na vijiti. Fanya kama wao, na tafadhali hayo maji usinywe, nimeshaona mgeni akiyainua kwa heshima zote. Mtu akikumiminia chai, gonga meza na vidole viwili, ni asante hiyo, wanasimulia kwamba mfalme Qianlong wa China alitembea kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi asingeweza kupiga magoti bila kumfichua bosi, akapiga magoti kwa vidole. Ukweli wa hadithi waachie wenyewe, ila kugonga kupo kila meza. Birika likiisha maji usipige kelele, weka mfuniko upande, weita akipita ataelewa.

Kuagiza sasa. Zamani kulikuwa na matoroli, akina mama wanazunguka na vikapu wanatangaza walichonacho, Maxim's Palace pale City Hall Hong Kong inajulikana sana kwa hayo matoroli. Wageni wanayapenda kwa sababu unanyoosha kidole tu basi. Mimi siyapendi, na mafundi wengi niliofanya nao kazi hawayapendi, kikapu kikizunguka ukumbi mzima ndani ya mvuke ngozi inaloa, inanata, ikifika kwako imeshachoka. Karatasi ya kutiki ni bora zaidi, au siku hizi unaskani na simu, jiko linapika ulichoomba. Bei zimepangwa kwa madaraja, ndogo, ya kati, kubwa na maalumu, kwa hiyo ukijua daraja la kikapu umejua bei yake. Kikapu kimoja kina vipande vitatu au vinne, na usiagize vyote kwa mpigo, agiza vinne vitano, kula, kisha ongeza. Anza na vya mvuke maana vinatoka haraka na vinakufa haraka, halafu vya kukaanga, na vya kushibisha kama wali uliofungwa kwenye jani la yungiyungi acha mwisho, la sivyo tumbo limejaa na hujaonja kitu.

Ukitaka kuupima mgahawa agiza ha gau, kale kafuko keupe kanakopenyeza mwanga, kenye kamba ndani. Ndo mtihani wetu jikoni. Ngozi yake sio unga wa kawaida, ni wanga wa ngano ulioondolewa ile sehemu inayovutika, unachanganywa na wanga wa muhogo (ndiyo, muhogo wetu huuhuu), unamwagiwa maji yanayochemka kabisa na kusongwa hapohapo, maji yakiwa ya moto tu bila kuchemka ngozi haiivi na itapasuka. Kisha unakata donge dogo, unafuta kisu kipana kwa kitambaa chenye mafuta, unalaza ubapa wa kisu juu ya donge, unakandamiza huku unazungusha mkono mara moja, na inatoka duara nyembamba kuliko chapati ya maji. Fundi mzuri hutumia pigo moja. Mwanafunzi anasukuma sukuma mpaka inatoboka, na mkuu wa jiko anaitupa bila kusema neno. Baada ya hapo marinda, kama ya sketi ya shule, yasipungue saba, mafundi wa maana wanafika kumi na zaidi, yote upande mmoja.

Kamba wenyewe wanaoshwa kwenye maji yanayotiririka, wanakaushwa kwa kitambaa, wanakaa kwenye baridi, ndo maana ukiwatafuna wanavunjika kwa mlio. Kwa hiyo ukiletewa angalia mambo machache: unaona rangi ya kamba kupitia ngozi? Ukiinua kwa vijiti, ngozi inabaki nzima au inaacha kitako kwenye kikapu? Ukitafuna kamba analia au amekuwa ubwabwa? Ikifeli hapo, mengine agiza kwa tahadhari.

Na hapa nisimame kidogo kwa ajili ya Waislamu wenzangu, kwa sababu kuna watu wanakula kamba wakijua wamesalimika. Ndani ya ha gau ya kienyeji kuna vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe, vinawekwa ili kamba asikauke. Zile bumunda za magimbi zenye manyoya ya kukaanga, gimbi lake linasongwa na mafuta hayohayo. Ganda la kile kitobosha cha mayai, mara nyingi hivyohivyo. Wali wa jani la yungiyungi unaitwa wa kuku lakini ndani kuna soseji ya nguruwe, keki ya figili pia. Siumai (vifuko vya nyama ya nguruwe) na bao (mikate ya mvuke yenye nguruwe mwekundu wa kuchoma ndani) sina haja ya kueleza. Sisi Dubai tunatumia kuku na mafuta ya mimea na zinatoka vizuri tu, ila Guangzhou usiridhike na jibu la weita kwamba "haina nyama", kwake yeye mafuta sio nyama. Uliza mafuta kwa jina lake. Kama unataka ya halali bila wasiwasi, Hong Kong kuna kantini ya kituo cha Kiislamu pale Wan Chai, ndani ya jengo la msikiti wa Ammar, wanapika dim sum yenyewe kabisa na foleni yake ya mchana ni ya uhakika.

Miguu ya kuku msiikimbie. Mtu wa Dar anayenunua miguu na vichwa barabarani kwa nini aogope hii? Inakaangwa, inaloweshwa maji baridi mpaka ngozi inavimba na kukunjamana, inachemshwa na viungo, halafu inapigwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. Unaweka kidole kizima mdomoni, unanyonya, mfupa unautoa. Ni kazi ya karibu siku mbili kwa kikapu cha bei ndogo.

Usiku ni habari nyingine. Karamu haiuzwi kwa sahani, inauzwa kwa meza, watu kumi au kumi na wawili, na menyu imeshapangwa kabla hujafika. Mgeni wa heshima anakaa akiutazama mlango, kwa hiyo usijikalie popote, subiri uoneshwe. Katikati kuna kioo kinachozunguka, zungusha taratibu, na angalia kwanza kama kuna mtu anachota. Vyakula vinakuja kimoja kimoja na idadi yake wanapenda nane, saba hapana, saba ni ya chakula cha baada ya mazishi. Harusini anaanza nguruwe mchanga wa kuchoma, mwekundu, ngozi inalia kama biskuti, mnaweza kumwacha apite tu, hakuna atakayenuna. Vinafuata vya baharini, supu, kuku mzima na kichwa chake, samaki, halafu tambi na wali, mwisho supu tamu ya maharage mekundu na matunda. Kosa la wageni ni kujaza tumbo mapema wakingoja wali. Wali unakuja karibu na mwisho, na ukiugusa kidogo inatosha.

Kwenye supu ndo sisi tunaingia. Zile nyuzi laini zinazoteleza ukadhani ni ute wa yai, mara nyingi ni bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki, na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yanafika Hong Kong na China kwa wingi, watu wa Mwanza mnajua kilo yake inavyoizidi bei ya minofu. Linakuja limekauka kama plastiki, tunaliloweka, tunalichemsha na tangawizi na majani ya vitunguu kutoa shombo, ladha lenyewe halina, kazi yake ni kuibeba supu nzito ya kuku. Jongoo bahari hivyohivyo, Zanzibar wanaokotwa na siku hizi wanafugwa pia, wanakaushwa wanasafiri. Jikoni anachukua siku kadhaa kuloweka na kubadilishiwa maji, na ile ndoo hakuna anayeruhusiwa kuishika na mikono yenye mafuta, tone moja tu na jongoo anaanza kuyeyuka. Nimeona ndoo nzima ikimwagwa. Mapezi ya papa yanazidi kupungua mezani, serikali ya Hong Kong iliyatoa kwenye hafla zake 2013, na kwa maoni yangu hamna kilichopotea, maana utamu wote ulikuwa wa supu.

Samaki ndo wa kuangalia hela. Ukipelekwa kwenye matangi uchague chewa aliye hai, bei iliyoandikwa sio ya kilo, China bara ni ya jin, yaani gramu 500, na vitu vya gharama kama kamba wakubwa vinaweza kuandikwa kwa liang, gramu 50. Hong Kong vipimo vina majina hayohayo lakini uzito mwingine, jin yao ni kama gramu 605. Palipoandikwa bei ya siku, uliza kabla hajatolewa majini, na taka uone akipimwa. Akishafika mezani kichwa kinaelekezwa kwa mgeni wa heshima, anzeni na yeye, na mkimaliza upande wa juu msimgeuze, nyanyueni mfupa mle wa chini. Watu wa pwani wale, kwao kumpindua samaki ni kupindua chombo.

Pombe ipo nyingi, baijiu kali, na ganbei, yaani "maliza kikombe", haziishi. Usiyekunywa gonganisha na chai, shusha kikombe chako chini kidogo ya cha mkubwa wako, ndo adabu yenyewe, wala hawakulazimishi ukisema mapema.

Bili mwenyeji analipa, usishindane naye zaidi ya mara mbili, wewe lipa chai ya kesho yake. Tipu Guangzhou hamna, Hong Kong wanaongeza asilimia 10 wenyewe. Na mabaki fungasha, kila mtu anafungasha, ila ha gau malizeni palepale kwa sababu wanga ukipoa unakuwa raba hata ukiupashaje, chukueni keki ya figili na wali wa jani, hivyo asubuhi ukivikaanga kidogo vinakuwa vitamu kuliko jana yake.