Kichocho cha tumbo: nani hasa anayeliumiza ini?

Nina kichocho cha tumbo, lakini ultrasaundi imeonyesha makovu kwenye ini. Minyoo imehamia huko?

Hapana. Minyoo iliyokomaa huishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, jike akiwa amekumbatiwa na dume. Jike hutaga mayai 100 hadi 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine huzolewa na damu, na damu itokayo utumboni hupitia ini kwanza. Huko mishipa ni myembamba, yai hukwama.

Yai likikwama tu, kovu linatoka wapi?

Linatoka kwetu wenyewe. Kiluwiluwi aliye ndani ya yai hutoa kemikali, na seli za kinga zikizinusa huanza kuitana kwa saitokaini, yaani protini ndogo za kupashana habari. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo! Mwanzoni mbiu ni ya vita: saitokaini ziitwazo TNF na interferoni-gama. Mayai yakianza kutagwa, kama wiki ya 5 au ya 6, mlio hubadilika, zikatawala saitokaini nyingine, interlukini-4, 5 na 13. Seli hulizunguka yai na kulijengea ukuta uitwao granuloma. Interlukini-13 nayo huzihimiza seli za ini kutengeneza kolajeni, ambayo ndiyo kovu. Yai moja si kitu. Lakini mvuvi wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, anayeingia majini tangu utotoni ana maelfu kwa maelfu.

Si bora basi kinga izimwe?

Wengi hudhani hivyo. Panya wa maabara wasio na interlukini-4 walipoambukizwa walikonda na kufa mapema. Tena ukuta ule huzuia sumu ya yai isiziue seli za ini. Mwili una breki yake, interlukini-10. Breki ikilegea, makovu huzidi.

Vipimo vya damu vya ini vilikuwa sawa. Inawezekanaje?

Kovu hufuata mishipa, seli za ini zikabaki zikifanya kazi kwa muda mrefu. Kinachoharibika ni njia ya damu: bandama huvimba, tumbo hujaa maji, mishipa ya umio hutuna. Ikipasuka mtu hutapika damu. Hapo ni hospitali mara moja, usingoje asubuhi.

Dawa itafuta makovu?

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa. Michanga huponyoka, ndiyo maana dozi hurudiwa. Mayai mapya yakikoma, mbiu hupoa. Kwa watoto makovu mara nyingi hupungua. Kwa mtu mzima aliyeugua miaka mingi, huenda yasiondoke.