Kutoboa vidole hakumwokoi mgonjwa wa kiharusi
Makundi ya WhatsApp ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, yana ujumbe wa miaka mingi: mtu akipata kiharusi usimsogeze, mtoboe vidole vyote kumi kwa sindano mpaka damu itoke. Si kweli. Kiharusi ni mshipa wa ubongo kuzibwa na damu iliyoganda, au kupasuka. Matone ya kidoleni hayabadili lolote. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa 4 na nusu hivi, baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo.

Wengi huchanganya kwa sababu tiba ya sindano ya Kichina, ile ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini, imechunguzwa kweli, ikaonyesha nafuu kiasi kwa maumivu sugu na kichefuchefu. Kiharusi ni jambo jingine. Muulizeni daktari yeyote.

Mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki? Mkimbizeni hospitali, ndugu zangu, na ujumbe huo msiusambaze.